Magunia ya Karamoja na herufi moja ya DNA: sumukuvu ilivyokamatwa

Machi 5, 2021, Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu (aflatoksini), sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka na karanga. Malori yakakwama mpakani Busia, wabunge wakapaza sauti, na siku chache baadaye amri ikalegezwa kwa masharti ya vyeti. Mabishano yaliyofuata yalikuwa ya biashara zaidi: nani anamwonea nani, nani analinda wakulima wake. Lakini lipo swali jingine ambalo watu hulitupa kwa kejeli kila sumukuvu inapotajwa. Mababu wamekula karanga na mahindi haya haya mpaka uzeeni, sasa nani amethibitisha kwamba yanaleta kansa ya ini?

Ondoa kejeli, swali linabaki zuri. Kansa ya ini huchukua miaka mingi kujitokeza, mara nyingi 20 au zaidi. Katika muda huo mtu amekula maelfu ya sahani za posho (ugali wa mahindi), amekunywa waragi (pombe kali ya Uganda), ameugua malaria mara zisizo na hesabu, na huenda amebeba virusi ambavyo hajawahi kuvipima. Anapofika hospitali ya Mulago, Kampala, tumbo limejaa maji na macho yamekuwa ya manjano, na hakuna tonge lililobaki la kupeleka maabara. Utamshtaki nani?

Jibu lilichukua miaka 30 hivi kupatikana, na sehemu kubwa yake inasomeka katika kazi ya mtu mmoja. Gerald Wogan alikuwa Mmarekani, mtaalamu wa elimu ya sumu katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, MIT. Alifariki 2021, mwaka ule ule wa ugomvi wa mahindi. Hakuifanya kazi hii peke yake, na baadhi ya hatua kubwa zilipigwa na wengine kabisa. Ila ukifuata nyayo zake unaona mambo yanavyofuatana, na njia hiyo inapita Uganda mapema kuliko wengi wanavyodhani.

Ndege waliokufa Uingereza

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Upelelezi uliishia kwenye chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazil. Kisha ikaonekana kwamba shida si ya Brazil tu. Miongoni mwa sampuli zenye sumu kali ambazo wanasayansi wa Uingereza walizitumia kumtafuta mhusika zilikuwamo karanga za Uganda. Mhusika mwenyewe alikuwa kuvu aina ya Aspergillus flavus, ambayo hustawi kwenye punje zilizokauka nusu nusu, zilizopasuka au zilizotobolewa na wadudu.

Kuvu si sumu, inaitengeneza. Kwa hiyo ilibidi sumu yenyewe itolewe, isafishwe na ijulikane umbo lake. Mwaka 1963 Wogan, mwanakemia George Büchi na wenzao wa MIT walichapisha umbo la molekuli za sumukuvu za kundi la B na la G. Aina ya B hung'aa buluu chini ya taa ya urujuanimno, ya G hung'aa kijani. Iliyo kali kuliko zote ni B1.

Kujua umbo la molekuli kunaweza kuonekana kama mchezo wa wanakemia. Sivyo. Bila umbo huna kipimo unachoweza kukiamini, na bila kipimo gunia lenye sumu na gunia safi ni kitu kimoja mbele ya sheria na mbele ya sayansi.

Vyakula 480

Kampala ya miaka ya 1960 ilikuwa mahali pa ajabu kwa mtu anayetafuta chanzo cha kansa. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Mulago, alikuwa ameeleza mwaka 1958 uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unabeba jina lake, kisha akazunguka akiuweka kwenye ramani. Idara ya patholojia ya Makerere, chini ya Profesa Michael Hutt, ilikuwa ikipokea vipande vya uvimbe kutoka hospitali za kila pembe ya nchi. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikaanza kazi hapo hapo kilimani. Kuuliza kansa hii inakaa wapi na kwa nini huko ilikuwa kawaida ya mji huu.

Kati ya Septemba 1966 na Juni 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani na sokoni, kutoka sehemu mbalimbali za Uganda, zikapimwa sumukuvu. Matokeo yalichapishwa 1971, Hutt na Wogan wakiwa miongoni mwa waandishi. Asilimia 29.6 ya sampuli zilikuwa na sumukuvu. Asilimia 3.7 zilikuwa na zaidi ya miligramu moja kwa kilo. Kuielewa namba hiyo ya pili, kumbuka kwamba kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo kwenye mahindi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni maikrogramu 10 kwa kilo. Yaani karibu sampuli nne katika kila mia moja zilizidi mara 100 ya kiwango ambacho leo lori hurudishwa mpakani.

Halafu wakaweka ramani mbili pamoja: ya chakula chenye sumu na ya kansa ya ini. Zilielekea kulingana. Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, ilikuwa juu kwenye zote mbili.

Wengi wanaosimulia habari hii huishia hapo, wakasema basi, imethibitishwa Uganda. Mimi naona utafiti ule ulikuwa mzuri kwa sababu uliuliza swali sahihi, na ulikuwa dhaifu mahali ambapo mtu yeyote angekuwa dhaifu wakati ule. Ramani inalinganisha maeneo, hailinganishi watu. Haikujulikana kama Mkaramojong aliyepata kansa ndiye aliyekula mtama wenye kuvu, au ni jirani yake ambaye hakuugua kamwe. Pia kansa zilizohesabiwa ni zile zilizofika kwenye meza ya patholojia. Aliyefia kijijini hakuhesabiwa.

Na kulikuwa na jambo jingine kubwa zaidi. Virusi vya homa ya ini B vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kueleweka duniani. Wakati magunia yanafunguliwa Karamoja, hakukuwa na kipimo cha virusi hivyo kwenye zahanati yoyote ya Uganda. Leo tunajua kwamba kaskazini mwa nchi, Karamoja ikiwamo, ndiko virusi hivyo vilikotapakaa zaidi. Ramani ya tatu ilikuwa imelala juu ya zile mbili na hakuna aliyeiona.

Ini linavyojitia kitanzi

Kazi iliyofuata ilirudi maabara, na hapa ndipo toksikolojia ya molekuli inapoonyesha faida yake. Badala ya kuuliza tu nani amekufa, inauliza sumu ilifanya nini, kwenye molekuli ipi, kwa utaratibu gani.

Sumukuvu B1 kama ilivyo kwenye karanga haina nguvu ya kushika DNA. Inamezwa, inaingia kwenye damu, inafika kwenye ini. Ini lina vimeng'enya vinavyoitwa saitokromu P450, ambavyo kazi yake ni kubadilisha kemikali ngeni ili zitoke mwilini kwa urahisi. Vikiishika B1, baadhi yake vinaigeuza kuwa epoksidi, molekuli yenye hasira ambayo ndani ya maji huishi sekunde moja hivi. Ndani ya sekunde hiyo, ikiwa karibu na DNA, hujipenyeza katikati ya herufi zake na kujibandika kwenye mojawapo, guanini, ile iandikwayo G. Mwaka 1977 kundi la Wogan na Büchi, John Essigmann akiwa mwandishi wa kwanza, lilionyesha umbo kamili la kiungo hicho kati ya sumu na DNA.

Seli ikigundua kiungo hicho mapema, hukikata na kukitupa. Ikichelewa na kuanza kugawanyika, mashine inayonakili DNA inafika kwenye ile G iliyoharibika na mara nyingi inaisoma vibaya. Mwishowe mahali palipokuwa na G panakuwa na T. Kosa la herufi moja kati ya bilioni tatu. Mengi ya makosa haya hayana madhara. Shida ni yakitokea mahali pabaya.

Kabla ya hapo, mwaka 1974, Wogan na wenzake walikuwa wamewalisha panya wa maabara sumukuvu B1 kwa viwango tofauti. Kwenye maikrogramu 100 kwa kilo ya chakula, panya wote 28 walipata kansa ya ini. Kwenye 50, walikuwa 20 kati ya 25. Kwenye maikrogramu 1 tu, 2 kati ya 22, wakati waliokula chakula safi hakupata hata mmoja. Namba hizi huwatisha watu, na ni haki yao, ila zisomwe kwa uangalifu: panya hao ni dhaifu mno kwa sumu hii. Wale panya wadogo weupe, binamu zao, hula viwango vikubwa zaidi bila kupata kansa. Tofauti ni kwamba maini ya panya wadogo yana kimeng'enya chenye bidii kinachoifunga epoksidi kwa glutathioni, molekuli ya kinga ya seli, kabla haijafika kwenye DNA. Wote wanaitengeneza sumu. Mmoja anaidaka, mwingine haidaki.

Binadamu je? Ini letu linaitengeneza epoksidi vizuri tu, na kuidaka haliwezi kama la panya mdogo. Hilo lenyewe halikutosha kumtia mtu hatiani. Ilibidi kumpima mtu.

Kupima mtu badala ya sahani

Ukimuuliza mtu amekula sumukuvu kiasi gani, hawezi kukujibu. Haina ladha, haina harufu, na punje inaweza kuonekana safi. Hata ukipima chakula chake cha leo hujui cha mwezi uliopita. Lakini ile guanini iliyobandikwa sumu, ikishakatwa kwenye DNA, hutoka kwenye mkojo. Na sehemu ya sumu hujibandika pia kwenye albumini, protini ya damu inayoishi wiki kadhaa. Mkojo ni risiti ya jana na juzi. Damu ni taarifa ya benki ya miezi miwili mitatu. John Groopman, aliyepitia maabara ya Wogan kabla ya kuhamia Johns Hopkins, ni miongoni mwa waliozigeuza molekuli hizi kuwa vipimo vinavyotumika kwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Hilo ndilo lililobadilisha kila kitu, kwa maoni yangu, zaidi hata ya ugunduzi wa sumu yenyewe. Sasa ungeweza kuchukua damu na mkojo wa watu wazima wasio na ugonjwa, ukaziweka kwenye friji, ukasubiri.

Ndivyo ilivyofanyika Shanghai. Kati ya 1986 na 1989 wanaume 18,244 walijiandikisha na kutoa sampuli. Miaka ikapita, baadhi wakapata kansa ya ini, na sampuli zao za zamani zikatolewa kwenye friji na kulinganishwa na za wenzao wa rika lao waliobaki wazima. Ripoti ya kwanza ilitoka 1992, Wogan akiwa mmoja wa waandishi. Ya pili, 1994, ilihusu wagonjwa 50 hivi. Waliokuwa na dalili za sumukuvu kwenye mkojo bila virusi vya homa ya ini B walikuwa na hatari mara 3.4 ya wale wasio na chochote. Wenye virusi bila sumukuvu, mara 7.3. Wenye vyote viwili, mara 59 hivi.

Rudia kuitazama hiyo ya mwisho. Ukizidisha 3.4 kwa 7.3 unapata 25, si 59. Wagonjwa walikuwa wachache, kwa hiyo 59 si namba ya kuapa nayo. Ingeweza kuwa ndogo zaidi au kubwa zaidi. Ila sumu na virusi vilionekana wazi kwamba vinasaidiana. Sababu inaeleweka ukikumbuka yale ya nakala: virusi husababisha seli za ini kufa polepole, ini hujijenga upya kila siku, na seli inayogawanyika haraka haina muda wa kutengeneza G iliyoharibika kabla ya kuinakili.

Kwa hiyo ile ramani ya tatu ya Karamoja haikuja kuifuta ramani ya kwanza. Zote zilikuwa kweli kwa pamoja. Anayesema kansa ile ni ya virusi, si ya chakula, amekosea kwa kiasi kile kile na anayesema ni ya chakula tu.

Kodoni ya 249

Kuna kipande cha ushahidi ambacho wapelelezi wa kansa wanakipenda kuliko vyote. Katika seli zetu ipo jeni ya TP53, inayotengeneza protini p53. DNA ikiharibika, p53 husimamisha seli isigawanyike mpaka itengenezwe, au huiamuru ife. Jeni hii ikivunjika, seli mbovu huendelea kuzaana. Inavunjika katika kansa nyingi, kwa makosa ya kila aina, mahali popote kwenye urefu wake.

Mwaka 1991 makundi mawili, moja likichunguza kansa za ini kutoka Qidong, China, jingine kutoka kusini mwa Afrika, yalikuta kitu kisicho cha kawaida. Katika uvimbe wa Qidong, 8 kati ya 16 zilikuwa na kosa mahali pale pale: kodoni (kikundi cha herufi tatu za DNA) ya 249, herufi ya tatu, na katika 7 kati ya hizo G imekuwa T. AGG imekuwa AGT, na kwa hiyo asidi amino iitwayo arginini imekuwa serini. Sehemu zote mbili ni za watu wanaokula sumukuvu kwa wingi. Kwenye nchi ambako chakula ni safi, kansa za ini hazina alama hiyo ila kwa nadra.

Ni rahisi kushangilia kupita kiasi hapa. Sumukuvu hujibandika pia kwenye G nyingine za jeni hiyo, si ya 249 peke yake. Inaelekea kosa la 249 linaonekana sana pia kwa sababu seli iliyolipata, hasa kwenye ini lenye virusi, huwashinda wenzake kukua. Hata hivyo, mtu akikuuliza kama inawezekana kuona mkono wa chakula ndani ya uvimbe miaka 20 baada ya kula, jibu ni ndiyo, na mahali pa kutazama panajulikana. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO lilikuwa tayari limeiweka sumukuvu kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha kansa kwa binadamu bila shaka, tangu 1987.

Wogan mwenyewe katika miaka ya baadaye aligeukia kemikali ambazo mwili hutengeneza wenyewe ukiwa na uvimbe wa muda mrefu, ule wa maambukizi au jeraha, si wa kansa, hasa nitriki oksaidi. Si kuhama njia. Ni swali lile lile la nini kinaiharibu DNA, sasa kikitoka ndani.

Tuliopo sasa

Nenda Owino, soko kubwa la Kampala, upande wa nafaka, utazame karanga zinavyochambuliwa. Nzuri, nyekundu, zimejaa, zinawekwa juu kwa bei yake. Zilizosinyaa, zilizopasuka na zenye madoa ya kijivu zinasukumwa pembeni, na kwa akili ya kawaida ungedhani zinakwenda kutupwa. Nilimuuliza mama mmoja zinakwenda wapi. "Hizo za kusaga, mwanangu. Mashine haichagui." Zikishakuwa unga wa mchuzi wa binyebwa hakuna jicho litakaloziona.

Nalisema bila kumlaumu, maana anauza kinachonunuliwa. Lakini kisayansi hapo ndipo hatari ilipo. Sumukuvu haisambai sawasawa kwenye gunia. Hujikusanya kwenye punje chache, na punje moja mbovu inaweza kuwa na sumu ya kutosha kuipitisha kilo nzima juu ya kiwango. Kwa hiyo kuchambua kwa mkono ni kinga ya kweli, mradi zilizotolewa zisirudi kwa mlango wa nyuma. Kupika hakuiondoi, joto la sufuria ni dogo mno kwake. Kukausha upesi juu ya turubai badala ya udongo, na kuweka ghalani pakavu, ndiko kunakoizuia kuvu isianze kazi.

Utafiti wa damu uliochapishwa 2014 kutoka kusini magharibi mwa Uganda ulikuta alama za sumukuvu kwenye albumini ya karibu kila aliyepimwa, watu wazima na watoto. Si Karamoja tena, na si wachache. Kuwa na alama hakumaanishi utapata kansa. Maana yake ni kwamba upande mmoja wa ile hesabu ya Shanghai tunao karibu wote.

Upande wa pili unategemea ulizaliwa lini. Uganda iliingiza chanjo ya homa ya ini B kwenye chanjo za watoto mwaka 2002, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Utafiti wa kitaifa wa 2004 na 2005 ulikuta virusi kwa mtu mzima 1 kati ya 10 hivi, na kaskazini zaidi ya hapo. Qidong wenyewe wanatupa mfano wa kinachowezekana bila kusubiri kizazi cha chanjo: kuanzia katikati ya miaka ya 1980 watu waliacha mahindi wakaanza kula mchele, na vifo vya kansa ya ini vikapungua hata kwa waliozaliwa kabla ya chanjo. Hapa kwetu anayekula matoke, viazi na wimbi kwa kubadilishana tayari anapunguza, kwa bahati tu ya kuzaliwa mahali fulani. Anayeishi kwa posho asubuhi na jioni, shuleni au kambini, hana bahati hiyo, na ndiye ambaye mahindi yaliyokataliwa mpakani yanaweza kumrudia. Kama ulizaliwa kabla ya 2002 na hujawahi kupimwa homa ya ini B, anza na kipimo hicho. Ni tone la damu na dakika chache, na ukikutwa huna, chanjo ya watu wazima ni sindano tatu.